Frasila Mbili Begani

Asubuhi ya kwanza Kashikishi niliamka saa kumi na moja, kama nilivyozoea kwa miaka thelathini na moja, nikavaa darubini shingoni nikatoka nje. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa ameshaamka. Akaniuliza hicho kidude ni cha nini. Nikamjibu, cha kutazamia wanyama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwona mbuzi wa jirani amefungwa kwenye mwembe, akanionyesha.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha watalii. Arusha, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, rudi Arusha, oga, pokea wengine uwanja wa ndege. Nimestaafu na magoti mabovu na daftari kumi na nne, maana kila jioni kambini niliandika tulichokiona: tembo wangapi, simba wangapi, chui yuko mti gani. Binti yangu ameolewa huku Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Nilipopanda basi Tunduma nilifungasha darubini na daftari la kumi na tano, jeupe. Nilikuwa nimeangalia ramani nikaona rangi ya kijani pande mbili: Lusenga mashariki, Mweru Wantipa kaskazini mashariki. Nikajiambia, mzee, hutakaa bure.

Mkwe wangu hununua samaki. Nchelenge ni boma, Kashikishi ni soko, na siku hizi huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Ufukweni wameanika chisense, vidagaa vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Nilipomuuliza tutaenda lini kuona wanyama, alicheka kwa adabu, kichwa ameinamisha, kama mkwe anavyotakiwa kumcheka baba wa mkewe. "Baba," akasema kwa Kiswahili chake cha Kikongo, "huku inama ni ya sahanini." Kibemba kinatumia neno moja, inama, kwa mnyama na kwa nyama. Sikuwa na la kumcheka. Sisi nasi tulianza hapohapo, ndiyo maana mnyama na nyama wanafanana.

Basi nikawa na wiki sita na ziwa lisilo na tembo. Nikaanza kuuliza wamekwenda wapi.

*

Nianze na neno lililonilisha. Safari ni letu, tulilitoa kwa Waarabu tukalitembeza bara mpaka likafika London na kurudi likiwa na kofia. Huku hawakulitumia. Kibemba husema ulwendo, na maofisa wa Kiingereza wa Rhodesia ya Kaskazini walipotoka kuzungukia vijiji na wapagazi wao waliita ulendo. Safari ya kulipia, ya mgeni kukaa kambini na kuonyeshwa wanyama, ilianza nchi hii mwaka 1950 katika bonde la Luangwa, Norman Carr alipopatana na Chifu Nsefu wajenge kambi na mapato yaende kwa wenyeji. Baadaye Carr akawa anawatembeza wageni kwa miguu, na mpaka leo Zambia inajulikana duniani kwa safari za miguu. Nimewahi kuona bei zake. Kutembea kunauzwa ghali kuliko kukaa kwenye Land Cruiser.

Lakini Luangwa iko mbali na Mweru, ng'ambo ya milima. Kwenye ziwa hili safari ilifika karibu miaka mia kabla ya Carr, kwa miguu vilevile, na waliokuja nayo ni watu wa kwetu.

Mimi nilizaliwa Itigi. Baba alikuwa kwenye genge la reli ya kati, na nyumba yetu iligeukia kichaka. Aliyepita Itigi kwa treni anakijua: si msitu, si pori la miombo, ni ukuta wa vijiti vilivyosukana, urefu wa mtu na nusu au wawili, kiangazi kijivu kitupu, na ukiingia hatua ishirini huoni ulikotoka. Wazee waliliita eneo hilo Mgunda Mkali, na misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ililiogopa kwa siku kadhaa za kiu. Nilidhani kichaka hicho ni cha kwetu peke yetu.

Sasa sikiliza. Siku moja mkwe wangu alinichukua na pikapu ya rafiki yake kwenda upande wa Kaputa kudai deni la samaki. Tulipopita Mweru Wantipa, lile ziwa la matope ambalo miaka mingine hujaa na miaka mingine hukaribia kukauka, nikaona ukuta wa vijiti vya kijivu. Nikamwambia asimamishe gari. Nikashuka, nikashika matawi. Nilikuwa Itigi. Wenyeji wanaita mateshi. Wataalamu wa mimea wana jina moja kwa vyote viwili, kichaka cha Itigi na Sumbu, kwa sababu aina hii ya kichaka hupatikana Itigi kwetu na huku kati ya Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika. Mkwe wangu alinisubiri kwa subira. Nadhani alifikiri nimeshuka kujisaidia.

Humo kwenye mateshi, katika nchi iliyoitwa Itabwa, ndimo Tippu Tip alimkuta Nsama.

Kitabu chake tulikisoma shuleni, maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na Mjerumani Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini. Tulikisoma kwa ajili ya lugha. Mwalimu alituonyesha jinsi Mswahili wa Unguja anavyopanga sentensi, wala hakuna aliyetuuliza Itabwa iko wapi. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip mwenyewe, alifika kwa Nsama mwaka 1867, mfanyabiashara kijana mwenye bunduki. Nsama alikuwa mfalme mzee aliyeogopwa na majirani wote, na misafara kadhaa ya kabla ilikuwa imepigwa huko ikanyang'anywa. Walipigana ndani ya boma. Hamed alijeruhiwa kwa mishale, lakini baruti ilishinda. Ndani ya maghala ya Nsama wakakuta shaba frasila 700, chumvi isiyo na hesabu, na pembe za ndovu frasila 1,950.

Shuleni nilipita juu ya namba hiyo kama chumvi. Safari hii niliifanyia hesabu kwenye daftari la kumi na tano, nikiwa nimekaa kwenye kreti ya samaki. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Mara 1,950 unapata tani 31. Ukiipa kila pembe frasila moja, na hizo ni pembe za tembo wa kawaida, si wale madume wa picha, utapata pembe 1,950, yaani tembo 975. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Kwa hiyo wanatakiwa wapagazi 975. Kila mtu na tembo wake begani.

Mwaka mzuri Tarangire, kiangazi, nimewahi kuona tembo mia tatu kwa siku moja na wageni wakalia machozi.

Pembe zile hazikuwindwa na Hamed. Nsama alizikusanya kwa miaka, kwa desturi ya nchi hizi zote: mwindaji akiua tembo, pembe iliyoangukia chini ni ya mfalme, na yeye hubaki na ya juu. Mwindaji wa kweli aliitwa chibinda. Alikuwa na dawa zake, miiko yake na mizimu yake, wala si kila kijana mwenye mkuki alithubutu. Pembe ilikuwa ushuru na heshima, na ilikaa ghalani. Hata Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda pale Mwansabombwe, kusini mwa ziwa, alikuwa akifanya biashara ya pembe na Wareno wa Zambezi tangu karne ya 18. Mreno Lacerda alikufa kwake mwaka 1798. Kilichobadilika baada ya 1850 ni mwendo. Bunduki za pwani zilimfanya chibinda asihitajike, na ghala la mfalme likawa kituo cha njiani. Novemba 1867, miezi michache baada ya vita vya Nsama, Livingstone alifika Mweru na kwenda kwa Mwata Kazembe, akamkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amezuiliwa miaka zaidi ya kumi. Mzungu aliyetangazwa kuwa amelifikia ziwa alipokewa na mtu wa kwetu aliyechoka kulitazama.

Ng'ambo kidogo kuna kisiwa cha Kilwa. Nilivuka kwa boti ya injini iliyobeba sabuni, unga na wanafunzi. Mwishoni mwa karne ya 19 alikaa pale mtu waliyemwita Simba, Mnyamwezi, na bunduki zake, akiuza pembe na watu. Magharibi zaidi alikuwa Msiri wa Bunkeya, naye chimbuko lake ni Unyamwezi, mpaka alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Mzungu Stairs. Nimeuliza Kilwa kama kuna anayejua boma la Simba lilikuwa wapi. Bibi mmoja alinyoosha mkono kwenye shamba la mihogo bila kuacha kumenya. Aliponisikia nasema akageuza lugha: Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mkwe wangu. Alikuja akikimbia vita vya Kongo, kama wengi waliopo kambi ya Mantapala, iliyofunguliwa wilayani humu mwaka 2018. Kwa hiyo Kiswahili kimefika ziwa hili mara mbili, mara ya kwanza na bunduki mkononi, mara ya pili kikiikimbia.

*

Wazungu wa Kampuni ya Cecil Rhodes walipochukua utawala waliwakuta tembo wamepungua, nao walikuwa wanapenda kuwinda. Karne ya 19 ikiipisha ya 20 wakachora mpaka kuzunguka kinamasi cha Mweru Wantipa wakakiita hifadhi ya wanyama, moja ya hifadhi za kwanza kabisa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chibinda sasa akahitaji leseni, na bei yake ilimshinda. Aliyeendelea kuwinda alipata jina jipya, jangili.

Nami nimelitumia neno hilo miaka thelathini na moja bila kusita. Sikatai kwamba jangili wa bunduki za kivita yupo, nimewaona tembo aliowaacha, nyuso zimekatwa kwa shoka. Ila nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba Serengeti ni pori lilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia, huku nikijua vizuri kwamba Wamaasai walihamishwa mwaka 1959 na mifugo yao. Mgeni amelipa dola nyingi kuona dunia isiyo na mtu. Unampa.

Ufuko wa Mweru nao uliwahi kuwa pori lisilo na mtu, kwa amri. Malale yaliyokuwa yameua watu wengi Uganda yaliogopwa huku, na kati ya 1907 na 1910 Kampuni ikahamisha vijiji kutoka bonde la Luapula na ukingo wa ziwa, mbali na mbung'o, ikapiga marufuku uvuvi na uvukaji. Fikiria watu wa ziwa wanaambiwa wasivue. Walirudishwa rasmi miaka ya 1920. Katika simulizi ya Walunda, mama aitwaye Nachituti, ndugu yake Nkuba alipomuulia mwanawe, alimpa Mwata Kazembe nchi hii kwa kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo na maji, hivyo vilikabidhiwa. Wanyama hawakutajwa, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watahitaji mwenyewe.

Lazima nimtaje na simba wa Chiengi, maana kila mzee niliyemuuliza habari za wanyama alianzia hapo. Chiengi ni boma la pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa. Mnamo 1909 alitokea simba mweupeweupe, mkia umekatika nusu, akala watu. Wanasimulia kuwa alimaliza watu wapatao tisini. Wazungu walimwita Chiengi Charlie, utadhani ni mpishi wao. Nimeshawasimulia wageni habari za simba wa Tsavo na wa Njombe mara nyingi kuliko nilivyosali, na sikuwahi kumsikia huyu. Mzee mmoja alinieleza kwa mkono jinsi mkia ulivyokatika, kana kwamba alikuwepo. Hakuwepo, hesabu ya miaka haikubali, lakini alikuwa na uhakika wa mkono.

Mweru Wantipa yenyewe ilikuja kujulikana duniani kwa mnyama ambaye hakuna mtalii anayemlipia: nzige mwekundu. Nzige walioenea kusini na mashariki mwa Afrika kuanzia 1930 hadi 1944 walitokea kwenye nyasi za kinamasi hiki na za bonde letu la Rukwa. Mwaka 1949 serikali za kikoloni zikaanzisha huduma ya pamoja ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, Mbala ya leo. Kwa miaka mingi aliyekuwa na gari na bajeti kwenye pori hili alikuwa mtu wa nzige.

Mwaka 1972 Zambia huru ikatangaza hifadhi zake za taifa kwa mkupuo. Mweru Wantipa imo, kilomita za mraba 3,134. Lusenga imo, 880. Kwenye karatasi ziko sawa na Luangwa. Kisha ikaja miongo miwili ya majangili wa pembe, na nchi ikiwa imefilisika kwa bei ya shaba, askari wa pori hana buti. Faru weusi wakaisha nchi nzima kabla karne haijaisha. Waliorudishwa mwaka 2003 walipelekwa Luangwa Kaskazini. Tembo wa Mweru nao wakapukutika.

*

Lusenga tulikwenda Agosti. Kutoka Nchelenge unashuka hadi Mbereshi, unapanda ukingo, unapita maporomoko ya Ntumbachushi, unafika Kawambwa. Tulilala hapo, asubuhi tukamchukua askari mmoja kijana, mpole, mwenye bunduki aliyoizoea kama mwavuli. Barabara ilikwisha mapema. Tukatembea.

Lusenga ni uwanda wa nyasi uliozungukwa na vilima kama sahani yenye kingo. Nilisimama ukingoni nikainua darubini, na mwili wote ukajiandaa kama zamani: tafuta mstari wa mgongo, tafuta sikio, tafuta ndege wanaoruka ghafla. Nilipekua uwanda kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, dakika arobaini. Nyasi. Kijana akaniambia kwamba wanyama wamekuwa wakirudishwa hapa kwa malori, ila hawakai karibu na njia ya watu. Tukamwona nsya mmoja, kundi la nyani na ngiri waliotukimbia mkia juu. Tukaona na nyayo, nikapiga goti la kulia, lililo bora, nikazitazama. Punda milia, za juzi. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Nikamuuliza kijana kuhusu lechwe wa Kawambwa. Akasema amemsoma kwenye kitabu.

Huyu ndiye aliyeniletea shida usiku. Lechwe ni swala wa majini, kwato ndefu zilizopanuka, akifukuzwa hukimbilia kwenye maji badala ya kuyakimbia. Tanzania hatuna, kwa hiyo Kiswahili hakina jina lake. Ningelazimishwa ningesema ni binamu wa sheshe wa Kilombero. Zambia ina aina kadhaa, Kafue, Bangweulu. Na ilikuwa na mmoja aliyeishi kwenye nyanda za maji za upande huu tu, Kawambwa hadi Kalungwishi, kwingine popote duniani hayupo. Walter Rothschild wa Uingereza alimpa jina la kitaalamu mwaka 1907. Kabla karne haijamalizika alikuwa ameisha. Tembo wa Itabwa wana ndugu Luangwa, faru anaweza kuletwa kwa ndege. Huyu hakuna lori litakalomleta. Na hakuuawa na Tippu Tip, wala pembe zake hazikuwa na bei Unguja. Aliliwa tu, mmoja mmoja, na watu wenye njaa, bunduki za kisasa na mbwa wazuri, huku hifadhi ipo kwenye ramani.

Jioni tukafika maporomoko ya Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi unaopakana na hifadhi. Maji yanashuka zaidi ya mita thelathini kwa upana wote wa mto, na ukungu unapanda juu ya miti. Watu wa hapa wanasema ni makazi ya joka kubwa jeupe lililojinyoosha kutoka hapo hadi Kabwelume. Palikuwa na familia moja kutoka Kasama wanachoma nyama. Ningekuwa kazini ningewaleta wageni hapa siku ya kwanza, wasiulize maswali ya tembo.

Tuliporudi Kashikishi nilifungua daftari. Mstari wa juu, kama kawaida: tarehe, mahali, hali ya hewa. Chini yake nikaandika nsya 1, nyani 20 hivi, ngiri 4, nyayo za punda milia. Nikaacha nafasi. Kisha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye daftari kumi na nne, nikaandika na wasiokuwepo: tembo 975, faru, lechwe wa Kawambwa, simba mweupe nusu mkia. Mkwe wangu alisoma akiwa nyuma ya bega langu. Akaniuliza kama watalii hulipa kwa hao pia.

Nimemwambia atafute gari la Nsumbu mwezi wa saba mwakani, mvua zikiwa zimekatika. Iko kwenye Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya mateshi, na tangu 2017 watu wa shirika la wanyama la Frankfurt wameshirikiana na serikali kuifufua. Wanasema tembo wapo. Ameahidi, kwa sharti kwamba njiani tupitie Kaputa, lile deni bado.

Darubini nimemwachia mjukuu. Tangu nirudi Itigi ananipigia simu kila Jumapili kunisomea hesabu ya mitumbwi inayorudi asubuhi, na safari iliyopita alidai ameona kiboko. Mama yake anasema ni gogo.